Kikapu Chepesi cha Aganze

Kila asubuhi Aganze aliamka kabla jua halijachungulia juu ya milima. Aliteka maji bombani, akafagia ua, akamwogesha mdogo wake Mugisho, kisha akamsaidia mama yake kubeba makaa hadi soko la Kadutu. Kazi zikiisha, alicheza ngoma. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye miguu mirefu na ulimi mwepesi, na katika mtaa wote wa Cimpunda hapakuwa na mtoto aliyeweza kucheza kama yeye. Jambo hilo alilijua vizuri. Pengine alilijua kupita kiasi.

Ilikuwa Julai, mwaka 2000. Vita vya pili vilikuwa karibu kutimiza miaka miwili, na mji wa Bukavu ulikuwa mikononi mwa waasi. Watu waliokimbia vijiji vya Mwenga na Shabunda walilala katika madarasa ya shule ya parokia, kwa kuwa wanafunzi walikuwa likizo. Hata hivyo, sikukuu ya mavuno haikufutwa. Watu wa Cimpunda walisema kwamba wakingoja vita viishe ndipo washerehekee, watazeeka bila kucheza hata siku moja.

Sikukuu hiyo ilifanyika kila mwaka wakati wa kiangazi, baada ya maharage kuvunwa. Kila shirika, yaani kikundi cha familia jirani zinazosali pamoja, lilijaza kikapu kimoja kikubwa. Siku ya Jumapili vikapu hivyo vilibebwa na wasichana katika maandamano, vikiwa vimefunikwa vitenge, ngoma zikitangulia mbele. Mwisho wa maandamano, maharage yote yalimwagwa katika ghala la parokia yakawa lundo moja, na baadaye maskini waligawiwa kutoka lundo hilo.

Mkuu wa shirika la akina Aganze alikuwa Papa Isidore, fundi cherehani mwenye sauti ya upole. Siku ya Alhamisi alimwita Aganze mbele ya nyumba yake.

"Aganze, mwaka huu kikapo utabeba wewe," alimwambia.

Aganze aliruka juu kwa furaha. "Aksanti, papa! Aksanti sana!"

"Ngoja kwanza. Mwenye kubeba njo mwenye kukusanya. Tuko nyumba kumi, na kila nyumba itatoa makopo mbili ya maharagi. Wote wameisha kujua; utapita kwao. Usiruke hata nyumba moja."

"Hata kwa muzee Cyprien? Ule iko mukali, papa."

"Hata kwake. Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu. Kikapo inajaa kwa sababu kila mutu ametia mukono."

Aganze alianza kazi siku hiyohiyo. Nyumba nne zilikuwa juu, karibu na barabara. Alizimaliza haraka, akapata makopo manane. Lakini nyumba sita zilizobaki zilikuwa chini kabisa, karibu na kijito, na njia ya kwenda huko ilikuwa ngazi zilizochimbwa katika udongo mwekundu. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda ukiwa na mzigo kichwani. Aganze aliutazama mteremko, akaikuna shingo, akasema, "Nitaenda kesho."

Ijumaa kulikuwa na mazoezi ya ngoma katika uwanja wa parokia. Rafiki yake Priscille alikuwa amebuni hatua mpya, na Aganze hakutaka kupitwa. Alicheza mpaka jioni. Jumamosi kulikuwa na mazoezi tena. Kesho ilipofika, nayo ilikuwa na kesho yake, na hivyo ndivyo wavivu wengi wanavyokula siku zao bila kushiba.

Jumamosi, jua likishuka, Aganze alikumbuka kikapu. Alikikuta pale alipokiacha, na maharage yakiwa hayajafika hata nusu. Giza lilikuwa linaingia. Katika miaka ile hakuna mzazi aliyemruhusu mtoto kushuka kijitoni baada ya jua kuzama, maana askari walizunguka kila mahali. Aliogopa sana. Angeweza kwenda kwa Papa Isidore na kumwambia ukweli. Angegombezwa, na pengine kikapu angepewa Priscille akibebe. Hilo la Priscille ndilo lililomshinda.

Basi akafikiri kwa namna yake. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na migomba mitatu yenye majani makavu. Aliyakata majani, akayashindilia ndani ya kikapu, akatandika juu yake kipande cha gunia, kisha akamwaga makopo yake manane ya maharage juu ya gunia. Kikapu kikajaa pomoni. Akakifunika kitenge, akakifunga.

"Kesho yatamwagwa pamoja na ya wengine," alijiambia. "Nitakimwaga mimi mwenyewe, majani nitayatupa. Lundo halina jina la mtu."

Asubuhi ya Jumapili, Papa Isidore alikuja amevaa koti lake la sikukuu. Aligusa kitenge kwa kidole, akatabasamu.

"Nyumba yote kumi?"

"Yote, papa," alijibu Aganze, macho yake yakitazama viatu vya Papa Isidore.

Maandamano yalianza saa tatu. Ngoma zilitangulia, wakafuata watoto waliovaa nguo nyeupe, kisha wasichana wa vikapu, na nyuma yao akina mama wakipiga vigelegele. Watu walijipanga pande zote mbili za barabara. Askari waliokuwa njia panda walisogeza kizuizi chao, wakatazama.

Mara Aganze akagundua jambo. Wasichana wengine walitembea kwa shida. Shingo zao zilikakamaa, na jasho liliwatoka. Yeye peke yake alitembea kama aliyebeba kofia. Alihofu watu wataona, kwa hiyo akaanza kuigiza. Aliweka mkono mmoja kiunoni. Akatetemesha shingo. Akapepesuka kidogo, kisha akajikaza, kisha akapepesuka tena. Kwa kuwa alikuwa mchezaji hodari, aliigiza vizuri kuliko wale waliolemewa kwa kweli.

"Angalia ule mutoto!" akapaza sauti mama mmoja. "Kikapo yake iko muzito, lakini hachoki!"

"Ule njo mwanamuke!" wengine wakaitikia, na vigelegele vikaongezeka.

Aganze alifurahi. Akapepesuka mara nyingine, mara hii hata bila sababu.

Walipofika uwanja wa parokia, padri alisimama kwenye ngazi za kanisa akawasalimu watu. Kisha akatoa tangazo.

"Ndugu zangu, mnajua kwamba mwezi wa tano watu wenye silaha walivunja ghala letu. Walichukua chakula, wakachukua hata mizani. Kwa hiyo mwaka huu hatutaweka kitu ghalani. Ndugu zetu wanaolala madarasani watapewa leo hii. Kila familia itapata kikapu kimoja, kama kilivyo. Chakula hicho kitawafikisha wiki mbili, mpaka tutakapopata kingine."

Watu walipiga makofi. Aganze akakishika kikapu chake kwa mikono miwili.

Kazi ya kugawa alikuwa amepewa Maman Virginie, mama mnene aliyekuwa akiuza unga sokoni tangu ujana wake. Kwa kuwa mizani haikuwepo, alipima kwa macho. Alipita mbele ya wasichana akiwatazama shingo na nyuso, na kila kikapu akakitaja kwa familia yake: vidogo kwa familia ndogo, vikubwa kwa familia kubwa. Alipofika kwa Aganze, akasimama.

"Huyu mimi nilimuona toka njiani," alisema kwa sauti. "Shingo ilikuwa inatetemeka, masikini. Hapa hakuna kikapo muzito kuliko hii. Tutapatia Maman Apolline, juu yeye iko na batoto sita. Aganze, mupelekee, darasa ya tatu."

Aganze akakiinua kikapu, akaenda.

Maman Apolline alikuwa ametoka Mwenga. Alitembea siku tisa na watoto wake, mzigo mgongoni na kamba ya mzigo ikimkaza kwenye paji la uso. Mume wake alikuwa mchimba dhahabu, na tangu Februari hakuna aliyesikia habari zake. Sasa familia hiyo ilikaa katika pembe moja ya darasa la tatu, nyuma ya madawati yaliyopangwa kama ukuta. Nje ya mlango, sufuria ya maji ilikuwa tayari juu ya mafiga matatu. Watoto walikuwa wameketi kuizunguka, wakitazama maji yanavyochemka.

"Karibu, mwanangu," alisema Maman Apolline, akainuka kukipokea kikapu.

Alikishika kwa mikono miwili na kukinyanyua. Alikuwa amejiandaa kwa mzigo mzito, kwa hiyo kikapu kiliruka juu ghafla. Kisha akakishusha polepole, akatia mkono chini ya kitenge, akabonyeza. Majani makavu yalilia ndani.

Alimtazama Aganze usoni. Hakukunja uso, wala hakuuliza kitu. Alikifunga kitenge upesi kabla watoto hawajasogea.

"Aksanti sana," alisema. "Mungu akubariki, wewe na batu ya kwenu."

Mtoto wake wa tatu, mvulana mwenye meno mapengo, akauliza, "Mama, hii itafika wiki mbili?"

"Itafika," alijibu mama yake. "Tutakula mara moja kwa siku. Itafika."

Aganze alitoka nje. Alitembea hatua kumi hivi, akasimama karibu na ukuta. Kama yule mama angemtukana, angejua la kufanya. Angelia, angekimbia, pengine hata angebisha. Lakini alikuwa amebarikiwa, na baraka ile ilimchoma kuliko kiboko. Aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Alifikiri juu ya makopo manane na midomo saba, kila siku, kwa wiki mbili. Hesabu haikumpa nafasi ya kujidanganya.

Uwanjani ngoma ilikuwa imeanza tena. Priscille alimpungia mkono. "Kuya, Aganze! Tunakungojea!"

Aganze hakwenda kwa Priscille. Alikwenda moja kwa moja kwa Papa Isidore, aliyekuwa akipongezwa na wakuu wa mashirika mengine kwa kikapu kizito cha watu wake. Akamvuta koti.

"Papa, kikapo haikuwa muzito."

"Unasema nini?"

"Nilitia majani ya mugomba ndani. Maharagi iko juu tu, makopo munane. Nilipita nyumba ine. Kule chini sikuenda." Machozi yakaanza kumtoka. "Nilikudanganya, papa. Na sasa Maman Apolline iko na majani."

Uso wa upole wa Papa Isidore ukabadilika.

"Ulijua ni chakula ya batu wenye njaa?"

"Nilifikiri itamwagwa kwa lundo, papa. Nilifikiri hakuna atakayejua."

Akina mama wawili kutoka nyumba za kijitoni walikuwa wamesimama karibu. Mmoja wao akashika kichwa.

"Kumbe ni vile!" alisema. "Sisi tulitenga maharagi yetu toka Alhamisi, tukangoja. Leo tukaona kikapo imejaa. Tukasema, basi, labda wakubwa wa shirika wanaona sisi batu ya chini ni masikini sana, vitu yetu haitakiwi. Nilikuja kwa sikukuu na uchungu ndani ya roho."

Aganze hakuwa amewaza hata kidogo kuhusu jambo hilo. Alidhani amepunguza makopo kumi na mawili ya maharage tu. Hakujua kwamba aliwapunguzia pia watu wa kijitoni heshima.

Papa Isidore akaenda kwa jirani, akarudi na gunia tupu.

"Shika," alimwambia. "Utashuka kule sasa hivi. Nyumba sita. Kwa kila mulango utasema juu ya nini haukukuja. Mimi sitakusemea. Na jua lisizame kabla ya Maman Apolline kupata haki yake."

Aganze akalichukua gunia na kushuka ngazi za udongo. Huko juu ngoma zililia, na safari hii hakuzicheza.

Nyumba tano hazikuwa ngumu. Watu walimsikiliza, wengine walimkaripia, mmoja alicheka, wote wakampa. Nyumba ya sita ilikuwa ya mzee Cyprien. Mzee huyo hakwenda kwenye sikukuu. Alikuwa ameketi mlangoni, fimbo mkononi, na kando ya mguu wake palikuwa na makopo mawili ya maharage yaliyofunikwa sahani.

"Shikamoo, muzee," alisema Aganze.

"Leo njo siku gani?" aliuliza mzee Cyprien bila kuitikia.

"Jumapili, muzee."

"Na mimi nilitoa hii makopo hapa siku gani?"

"Alhamisi."

"Siku tatu niko nakula sombe tupu, majani ya muhogo, bila kugusa hata punje moja ya hii maharagi. Kwa sababu ni ya Mungu na ya wageni. Watoto wanapita barabarani na ngoma, hakuna mutu anaingia kwangu. Nikasema, Cyprien, umeisha kufa, ni kukuzika tu wamesahau."

Aganze alipiga magoti. "Minaomba musamaha, muzee. Hakuna mutu alikusahau. Papa Isidore alinituma, alisema nisiruke hata nyumba moja. Ni mimi nilikuwa muvivu."

Mzee alimwacha apige magoti kwa muda. Kisha akainua sahani, akamwaga maharage katika gunia yeye mwenyewe, taratibu, kopo la kwanza na la pili.

"Musamaha utaupata," alisema. "Lakini mwaka ujao, anzia kwangu."

Kupanda kulikuwa kama Aganze alivyoogopa siku ya Alhamisi, na zaidi. Makopo kumi na mawili ya maharage yalimlemea. Shingo ilitetemeka bila yeye kuitetemesha. Mara mbili alitua mzigo kupumzika, na hakuna aliyempigia vigelegele.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika darasa la tatu. Alitua gunia mbele ya Maman Apolline, akasema yote tangu mwanzo, bila kujitetea. Maman Apolline alimsikiliza. Kisha akaleta sinia, akatoa majani makavu ndani ya kikapu, akayasukuma chini ya sufuria. Moto uliwaka kwa kishindo, watoto wakacheka.

"Kaa hapa," alimwambia Aganze. "Tuchambue."

Wakachambua maharage pamoja, wakitoa vijiwe na punje mbovu. Baada ya muda Aganze akajipa moyo.

"Maman, ulijua kikapo ni nyepesi toka ulipoinua. Juu ya nini haukunigombeza? Juu ya nini haukuita batu?"

Maman Apolline aliendelea kuchambua huku akijibu.

"Kule kwetu nilikuwa na shamba yangu, mwanangu. Mutu angeniletea kikapo ya majani, ningemurudishia kwa kichwa yake. Lakini hapa mimi ni mugeni. Nikilalamika leo, kesho watasema wageni hawana shukrani, na batoto yangu watalala njaa. Kwa hiyo nilisema aksanti."

Akasitisha mkono, akamtazama Aganze kama alivyomtazama mara ya kwanza.

"Ukimudanganya mutu mwenye nguvu, atakupiga, na utajua umekosa. Mutu asiyeweza kulalamika hatakuambia kitu. Atakubariki tu. Huyo njo usimudanganye hata siku moja."

Aganze akainamisha kichwa. "Nimesikia, maman," alisema.

Maharage ya jioni ile yaliingia sufuriani, yakajaza sufuria nzima.